JE, INJINI IKIZIMIKA NDEGE HUANGUKA KAMA JIWE?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Hapa Ikungi ndege tunaziona zikipita juu sana, nyeupe na ndogo kama punje ya mchele, na wengi wetu hatujapata kuigusa hata moja kwa mkono. Hata hivyo sijui jambo ambalo watu wana hakika nalo zaidi kuliko hatari ya ndege. Mtu atapanda pikipiki pamoja na wenzake wawili, bila kofia, usiku, mpaka Singida mjini, na kesho yake atakuambia kwamba yeye ndege hapandi kwa kuwa anaipenda roho yake.

Sababu yangu ya kuandika makala hii si ya darasani peke yake. Mama yangu mkubwa anakaa Bukoba, naye ni mgonjwa asiyeweza kusafiri. Bibi yetu, yaani mama yake mzazi, hajamwona tangu mwaka 2019. Mgongo wa Bibi hauwezi tena kustahimili basi kutwa nzima kwa njia ya Nzega na Kahama. Wajomba wamechanga nauli ya ndege ya kutoka Mwanza, lakini Bibi amekataa katakata. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi nitakufa kwa siku yangu, si ndani ya ziwa." Kisha akaniuliza maswali mengi, nami nikayaandika katika daftari. Nilipofika shuleni niliongeza maswali ya wenzangu wa bwenini, ya mpishi wetu na ya mlinzi wa lango, nikayatafutia majibu maktabani na kwa mwalimu wetu wa Fizikia. Wasomaji wataona kwamba majibu mengine yanaondoa hofu na mengine hayaiondoi.

Yafaa nianze na ziwa lenyewe, maana ndipo hofu ya Bibi ilipotoka. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya shirika la Precision Air, aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walifariki 19, miongoni mwao marubani wote wawili, na 24 wakaokoka. Kiwanja cha Bukoba kiko kando ya maji kabisa, na asubuhi ile palikuwa na mawingu na mvua. Ndege ilizunguka hewani kwa muda ikingoja hali ya hewa itengemae, kisha ikaja kutua, ikagusa maji kabla ya kuifikia njia yake. Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliofika wa kwanza na mitumbwi yao, na watu wengi walitoka kwa mlango wa nyuma, maana pua ya ndege ilikuwa imekwisha zama.

Msomaji atazame mambo mawili katika habari hii ya huzuni. La kwanza, ndege ile haikuanguka kutoka mawinguni kwa sababu injini zimekufa. Ilikuwa karibu na ardhi, inakaribia kutua, katika hewa mbaya. Sehemu kubwa ya ajali za ndege hutokea wakati wa kuruka na wakati wa kutua, wala si kule juu ambako abiria hukaa ameshika kiti kwa mikono miwili. La pili, zaidi ya nusu ya watu walitoka wakiwa hai. Watu wengi hudhani kwamba ajali ya ndege haina manusura, basi hata maelezo ya mhudumu hawayasikilizi. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa kuwa nadhani ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa swali la injini, ambalo ndilo waliloniuliza watu wengi kuliko mengine. "Injini ikizimika, ndege si itaanguka kama jiwe?" La, haianguki kama jiwe. Mtu aliyepata kukaa karibu na dirisha la basi liendalo mbio, akatoa kiganja nje na kukiinamisha kidogo, ameona jinsi upepo unavyokiinua. (Msifanye hivyo barabarani, nimetoa mfano tu.) Bawa la ndege hufanya kazi kama kiganja kile. Linasukuma hewa chini, na hewa inalisukuma bawa juu, kama tulivyofundishwa katika kanuni ya tatu ya Newton. Kazi ya injini ni kuipa ndege mwendo, na kazi ya kuibeba ni ya bawa. Injini ikizimika, mwendo hauishi papo hapo. Rubani huinamisha pua kidogo, na ndege hugeuza kimo chake kuwa mwendo, kama mtoto aendeshaye baiskeli kwenye mteremko bila kukanyaga pedali.

Mwalimu alitufanyisha hesabu yake. Ndege kubwa ya abiria isiyo na injini yaweza kwenda mbele kilometa 15 hivi kwa kila kilometa 1 inayoshuka. Basi ikiwa iko juu ya Ikungi kwa kimo cha kilometa 10, na injini zote zikazimika kwa mara moja, ingeweza kuteleza yapata kilometa 150, yaani kupita Manyoni na kuikaribia Dodoma, kabla ya kugusa chini. Darasa lilinyamaza kidogo tulipopata jibu lile.

Tena jambo hili limepata kutokea. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya shirika la Air Transat ilikuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, na watu 306 ndani yake. Mafuta yalivuja, na juu ya bahari ya Atlantiki injini zote mbili zikazimika. Ndege iliteleza dakika 19 hivi, kilometa zipatazo 120, ikatua katika visiwa vya Azores, na hakufa mtu. Ama injini moja kuzimika na nyingine ikiwa nzima, hilo marubani hulifanyia mazoezi daima, na ndege kubwa ya injini mbili haipewi cheti cha kubeba abiria mpaka ionyeshe kwamba yaweza kuendelea kuruka kwa injini moja, hata kama ile nyingine imekufa wakati wa kuondoka uwanjani.

Haifai kuficha upande wa pili. Kimo ndicho akiba ya rubani, na aliye chini hana akiba. Tarehe 15 Januari 2009 ndege iliyokuwa imetoka New York sasa hivi iligongana na kundi la mabata bukini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu, nayo haijafika hata kilometa 1 kwenda juu. Rubani Sullenberger hakuweza kufika uwanjani. Aliitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka, kwa ustadi wake na kwa sababu vivuko vya mtoni vilikuja upesi sana. Nilipomsomea Bibi habari hii alisema tu, "Kumbe na huko wavuvi wapo."

Swali jingine la Bibi lilikuwa zuri kuliko nilivyotegemea: "Rubani akiingia ndani ya wingu anaona nini?" Haoni kitu. Anatazama saa na vioo vilivyo mbele yake, vinavyomwambia kimo, mwendo, upande anakokwenda, na kama mabawa yamelala sawa. Tena hufundishwa kuviamini vyombo hivyo kuliko mwili wake, kwa sababu ndani ya wingu sikio la mwanadamu humdanganya, akadhani yuko sawa kumbe ameinama. Zamani vyombo vilikuwa vichache. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya East African Airways iligonga mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Siku hizi ndege kubwa za abiria zina chombo kinachomwonya rubani kwa sauti kwamba ardhi i karibu, na chombo hicho kimepunguza sana ajali za namna ile.

Kwa hiyo abiria akiambiwa uwanjani kwamba safari imecheleweshwa kwa sababu ya mvua kule waendako, asigombe. Na ndege ikishuka karibu kabisa na ardhi, kisha injini zikanguruma ghafula na ikapanda tena, asipige kelele. Maana yake rubani hakuridhika na jinsi alivyokuwa akitua, akaamua kujaribu upya. Mimi nadhani rubani wa namna hiyo apewe shukrani, lakini nimesikia kwamba mara nyingi hupewa matusi.

Kutikisika kwa ndege hewani ni hofu ya wengi, na kwetu Singida ni rahisi kueleza kuliko mahali pengine. Nani kati yetu hajaona chamchela ya vumbi mwezi wa Septemba, saa nane mchana, ikipita katikati ya uwanja wa mpira? Jua huchoma ardhi, hewa ya moto hupanda, na ile ya baridi hushuka mahali pake. Tai hulijua jambo hili, ndiyo maana hupanda juu akizunguka bila kupiga mabawa. Ndege ikipita katika hewa ya namna hiyo hutikisika kama lori kwenye barabara yenye matuta. Ncha za mabawa zitaonekana zinapanda na kushuka, na abiria wa dirishani atadhani linakatika. Lakini bawa limetengenezwa lipinde. Kabla ya aina mpya ya ndege kukubaliwa, sharti ithibitishwe kwamba bawa lake laweza kustahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kuliko wote unaotarajiwa katika maisha yake.

Anayeumia wakati wa mtikisiko ni mtu asiyefunga mkanda. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines ilipatwa na mtikisiko mkali juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki. Makumi ya wengine waliumia, kwa kuwa wasiofungwa mikanda walirushwa wakapiga vichwa kwenye dari. Ndege yenyewe ilitua salama Bangkok. Mkanda ufungwe wakati wote mtu akaapo, hata taa ya kuukumbusha ikiwa imezimwa.

Juu ya radi sina maneno mengi. Ndege hupigwa na radi mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na umeme hupita juu ya ngozi yake ya nje ukatoka upande wa pili, bila kuwafikia waliomo. Mwaka 1963 ndege ya Pan American ilipigwa na radi huko Marekani, mafuta yakalipuka, na watu 81 wakafa. Baada ya hapo matangi ya mafuta yakawekewa kinga bora zaidi.

Rafiki yangu mmoja wa bwenini aliuliza kama mwendawazimu anaweza kufungua mlango huko juu. Tulipiga hesabu. Katika ndege kubwa, kwa kimo cha kilometa 10, hewa ya ndani inasukuma mlango kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 9 au 10, na milango mingi hutakiwa kuvutwa kwanza ndani ndipo itoke. Hakuna mwanadamu wa kuivuta. Karibu na ardhi ni mambo mengine, kwa kuwa hewa ya ndani na ya nje zimekuwa karibu sawa. Mwaka 2023 huko Korea Kusini abiria alifungua mlango ndege ikiwa mita 200 na ushei kabla ya kutua. Ilitua salama, lakini sipendi kuwaza abiria wa kiti cha jirani alijisikiaje.

Sasa nafika kwenye swali ambalo sikulipenda, nalo ni hili: "Je, wanaotengeneza ndege husema kweli daima?" Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege mpya ya Boeing 737 MAX ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ya aina hiyo, ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilianguka dakika chache baada ya kuruka, wakafa wote 157. Ilionekana kwamba chombo kimoja cha kupimia mwinamo wa ndege kilitoa habari za uongo, na programu ya kompyuta ikaziamini, ikawa inasukuma pua ya ndege chini tena na tena, huku marubani wakishindana nayo. Tena ilithibitika kwamba marubani hawakuwa wameelezwa vya kutosha juu ya programu ile. Ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani kote, na Marekani haikuziruhusu tena mpaka Novemba 2020, baada ya kurekebishwa. Air Tanzania nayo ilipokea ndege ya aina hiyo mwaka 2023. Kadhalika, Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyazuia mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania yasiruke katika anga yake, kwa kusema kwamba usimamizi wa usalama wa anga nchini mwetu una upungufu. Nimeona vema nisiliruke jambo hili. Mzazi akilisikia kwa jirani baada ya kusoma makala yangu, hataamini tena hata ile hesabu ya kilometa 150.

Lakini barabara nayo ipimwe kwa mizani ile ile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani. Katika hesabu za mwaka 2023 za umoja wa mashirika ya ndege, IATA, waliokufa ndani ya ndege za abiria walikuwa 72, wote katika ajali moja ya Nepal. Bibi alisikiliza tarakimu hizi kwa adabu, kisha akasema kwamba yeye si dunia, yeye ni mtu mmoja. Sikuona la kumjibu, na sidhani kama mwalimu wa Hisabati naye angeliona.

Ndiyo sababu nasema yaliyo makubwa ni yale yaliyo mikononi mwa abiria mwenyewe. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa na watu watatu. Mafuta yaliisha, na rubani akailaza juu ya bahari karibu na ufuko wa Ngazija, katika visiwa vya Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Miongoni mwao walikuwamo walionusurika kishindo chenyewe, lakini walikuwa wamejaza hewa jaketi zao za kuokolea wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini, wakashindwa kuzamia kuufikia mlango. Jaketi huvaliwa ndani, hujazwa hewa mtu anapotoka mlangoni. Mhudumu hulisema neno hili kila safari ipitayo juu ya maji, na kila safari wapo wanaotazama simu. Bibi nimemfundisha kwa kutumia mfuko wa plastiki na ndoo ya maji, naye akaelewa upesi kuliko wengi.

Jambo jingine ni mizigo. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani katika kiwanja cha Haneda, Tokyo. Watano katika ile ndogo walikufa. Ile kubwa ilishika moto na kuteketea yote, lakini watu wake wote 379 walitoka hai, kwa kuwa walitii wahudumu wakaacha mizigo yao. Mtu mmoja akisimama kuteremsha begi lake katika njia ile nyembamba, amewazuia wote walio nyuma yake. Kwa Bibi hapa ndipo penye shida, maana amekwisha andaa dumu la mafuta ya alizeti na kuku wawili wa kukaushwa kwa ajili ya mama mkubwa, na hayo hataki yatoke machoni pake.

Abiria akikaa, ahesabu kwa vidole ni viti vingapi kutoka kwake hadi mlango wa mbele, na vingapi hadi wa nyuma. Moshi ukijaa hataona kitu, atapapasa viti akihesabu. Asivue viatu wakati wa kuruka na wa kutua. Mama mwenye mtoto amuulize mhudumu mapema jinsi ya kumvalisha mtoto jaketi, asingoje.

Swali la mwisho la daftari ni la mpishi wetu, aliyesikia kwamba masikio hupasuka. Kwa kawaida hayapasuki. Huziba na pengine huuma, hasa ndege ikishuka, kwa sababu hewa iliyo ndani ya sikio haijalingana na ile ya nje. Mtu ameze mate mara kwa mara, au apige miayo, au atafune kitu. Karanga za nyumbani zinafaa.